Mwezi wa Adila Nilioula

Jumatatu, 10 Februari 2025

Huyu Mahmoud wa meza ya kuandikisha hospitalini hana adabu! Nimetoka Mlingotini na mjukuu mgongoni mpaka Bagamoyo mjini, naambiwa, "Bibi, bado mapema." Mapema nini? Adila hakai. Ukimkalisha anaporomoka kama gunia nusu. Eti mazoezi ya viungo ni ya watoto waliotimiza miezi tisa na hawajakaa. Kadi ya kliniki inasema minane. Wanaandikisha mpaka Alhamisi, baada ya hapo Agosti.

Agosti! Mtoto atakuwa kashapinda.

Maulida, binti yangu, mama wa mtoto, kafuata nyuma. Nimemgomba njia nzima.

Jumanne, 11 Februari

Maulida kafungua mdomo. "Mama, Adila ana miezi tisa. Kadi uliandikisha wewe."

Kweli. Mimi. Kazaliwa Mei nne, humu chumbani, mikononi mwa Bi Sihaba mkunga. Tukamweka ndani arobaini yake, kama tulivyolelewa. Siku ya kutoka nikampeleka kliniki mwenyewe. Nesi alikuwa akiwafokea waliochelewa, mbele za watu. Mimi nifokewe? Nikasema kazaliwa Ijumaa iliyopita! Nesi akashangaa — mkubwa hivi? Nikamjibu, kwetu ndivyo tunavyozaa. Foleni nzima ikacheka. Nikarudi kichwa kimenivimba.

Kesho naenda kuitafutia kadi dawa.

Jumatano, 12 Februari

Kwa mwenyekiti wa kijiji. Barua ya kusahihisha tarehe atatoa, ila mkunga aje athibitishe. Akauliza, "Na aliyedanganya ni nani?"

Maulida akawahi. "Mimi."

Nikamwacha. Nikamwacha! Kasemwa weee, mara hana akili, mara anachezea mtoto. Na mimi mama mtu nimekaa na ushungi wangu, natazama mabati.

Kesho saa mbili mkunga awepo, kasema. Nimechoka. Si miguu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeswali alfajiri, sijalala tena. Jirani kapita — Bi Sihaba anasafiri asubuhi hii, Lugoba, harusini. Siku yenyewe ya leo, ya mwisho kuandikisha!

Nimemwambia Maulida, ukweli nitausema mwenyewe. Kwa mwenyekiti, kisha kwa yule Mahmoud.

"Utaweza, mama?"

Mtoto huyu! Nimemwambia acha kunitazama, vaa kandambili, kimbia kituoni ukamshike Bi Sihaba kabla hajapanda gari. Akikataa, mng'ang'anie begi. Mie namfunga Adila mgongoni, nakuja.