Mama Mkwe, Haukuwa Uyoga

Mama mkwe wangu mpendwa,

Leo nimecheka peke yangu sokoni Kibiti, na wa kulaumiwa ni wewe. Nimekuta uyoga umepangwa kwenye ungo, nikaikumbuka ile wiki uliyotulisha uyoga asubuhi na jioni.

Ulikwenda kliniki kulalamika kwamba usingizi umekukimbia. Nesi akakwambia huhitaji vidonge, ufanye yoga kila siku kabla ya kulala. Wewe ukarudi nyumbani ukanituma Ikwiriri nikatafute uyoga. Siku ya tano ukasukuma sahani pembeni: "Mwanangu, nimeula mpaka tumbo limegoma, na macho bado makavu!"

Tukarudi kliniki pamoja. Nesi alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akatandika mkeka akatuonyesha: kuinama taratibu, kukumbatia magoti kifuani, mwisho kulala chali miguu ikiegemea ukuta, pumzi ikitoka polepole.

Nyumbani kikaanza kimbembe. Ulitaka nitangulie mimi, uone. Mimi mkweo nilale chali mbele yako, miguu juu! Kwetu milimani Matumbi, hata kunyoosha miguu mkekani mbele ya mkwe ni utovu wa adabu. Nikasingizia wali jikoni.

"Mchele wenyewe hujauosha," ukasema. "Vaa suruali ya mumeo Salumu chini ya kanga, ulale. Heshima utaiokota ukiinuka."

Nikalala, nawe ukalala. Ulipoinua mguu goti likalia ko! Tukacheka hadi tukashindwa kupumua hiyo pumzi ya polepole. Tangu hapo, kila baada ya Isha tulikuwa wawili mkekani, na ndipo nilipoacha kukuogopa. Ukawa unalala mpaka adhana ya alfajiri. Mwanao akipita mlangoni anasema tumegeuka popo.

Nakukumbuka sana, Mama. Mimi nalala vizuri, alhamdulillahi. Aliyeshindwa ni Salumu. Tangu tukuzike hapati usingizi, halafu mchana anasinzia juu ya bodaboda na abiria nyuma. Wiki iliyopita nusura aingie chini ya lori. Nikimwita mkekani ananijibu hayo ni mambo ya wanawake. Nimeishi kwa hofu, kila simu ikiita nadhani ni habari ya ajali.

Juzi nilikuwa nimeshaanza, Salumu akaingia. Akavua viatu, akalala upande wako.

"Mama alikuwa anaanza na mguu gani?" akauliza.

"Wa kulia."

Akauinua wa kulia akauegemeza ukutani. Wa kushoto hakuufikia, Mama. Alishalala, mdomo wazi, na hakuamka mpaka kulipokucha. Nilimfunika kanga yako, nikakaa pembeni nikilia kwa furaha.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, Mama. Mwanao nitamlaza mimi.

Mkweo asiyekuogopa tena,
Mama Zuhura