Sauti Kumi na Moja

4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanakusumbua bado? Mimi mzima, ila mikono imechubuka. Huku chumba cha kufulia cha hospitali tunakunja mashuka kutwa nzima.

Umesema kompyuta imejaa haipokei kitu. Fungua ile folda ya sauti. Bonyeza Kontroli na A, mafaili yote yatachaguliwa. Kisha shikilia Kontroli, tembea kwa mshale, na kila ukifika kwenye faili la kaka bonyeza kitufe cha nafasi, litoke kundini lisifutwe. Kisoma skrini kitakwambia halijachaguliwa. Ukishayatoa yote kumi na moja, bonyeza Shifti na Futa. Hapo makorokoro yataondoka moja kwa moja bila kupitia kapu la taka.

Halafu nitumie ile sauti aliyonirekodia mimi. Yangu ilipotea nilipobadilisha simu.

Kitinda mimba wako

9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale, tumeshazoeana. Pakaa mafuta mikono hiyo, usijifanye chuma.

Nimekuelewa. Huyu msemaji wa kompyuta ana sauti ya karani aliyenyimwa likizo, lakini tunasikilizana. Mimi nimeunganisha simu za watu miaka thelathini, laini arobaini mbele yangu, tena nusu ya miaka hiyo macho yalishazima. Mafaili hayanitishi. Kesho nikishafagia nakaa nayo.

Kaka yako alinisomea magazeti vizuri sana. Alikuwa anarekodi kabla ya kwenda kwenye kibanda chake cha kutengeneza saa, ili nisishinde kimya. Sauti kumi za magazeti, na moja yako.

Mama yako

2 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimekupigia mara nne, unasema uko jikoni, unakata.

Wiki tatu sasa na sauti haijafika. Kama unaniadhibu kwa sababu sikuja mazishini kwa kaka, niambie waziwazi. Sikupewa ruhusa kazini, nilishakueleza. Nimechoka kuombaomba kitu changu mwenyewe.

Mwanao

8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Afya ninayo, amani sina.

Sikuadhibu. Nilikaa kwenye kompyuta kama nilivyosema. Nikatoa la kwanza, la pili, mpaka la tisa. Lako lilikuwa la nne. Mara jirani akagonga mlango kuomba ngazi. Niliporudi nikafanya tulivyofundishwa kwenye ubao wa simu: ukikatizwa, rudia hatua ya kwanza, kisha endelea ulipoishia. Nikabonyeza Kontroli na A tena. Nikatoa la kumi na la kumi na moja, nikabonyeza Shifti na Futa. Msemaji akaniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu ndiyo, tena kwa majivuno.

Yale tisa niliyoyatoa mwanzo yalikuwa yamerudi kundini. Yote yamekwenda. Nimebaki na mawili, anasoma matokeo ya mpira na tangazo la kukatika maji. Fundi wa kompyuta amehangaika siku mbili, hakuambulia kitu.

Nilikuwa nakukatia simu kwa aibu. Nimemfuta mwanangu kwa vidole vyangu. Wewe ulishaisikiliza yako, angalau hiyo imebaki kichwani mwako.

Mama yako

10 Machi

Mama,

Shikamoo. Usilie, tafadhali. Na usimlaumu jirani.

Kosa la kwanza ni langu, ningekwambia unakili kabla ya kufuta. La pili ni hili: sikubadilisha simu. Kaka aliponitumia ile sauti nilikuwa bado na hasira naye, kwa maneno aliyoniambia siku naondoka. Niliifuta bila kuifungua. Wewe umefuta kwa bahati mbaya, mimi nilifuta kwa makusudi. Sijawahi kuisikia, Mama.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Nimechelewa kwa sababu nilitaka kuandika sawasawa. Sauti ile nilikuwa naisikiliza kila asubuhi nikisubiri chai ichemke. Kazini nilikatazwa kusikiliza mazungumzo ya watu. Haya niliyasikiliza. Ndiyo haya:

«Mdogo wangu, ni mimi. Usikate. (Hapa alikohoa.) Siku ile unaondoka nilisema umenitupia Mama. Nilisema kwa uchungu. Mama si mzigo, na wewe hukukosea kwenda. Daktari amenipa wiki tano, labda sita. Usingoje kuja kunizika, njoo nikiwa bado naweza kukutania. (Hapa pana maneno kama matatu yamenitoka. Siwezi kukutungia.) Kama huwezi kuja, piga. Simu nimeiweka kwenye kiti, karibu na kitanda. Ikiita sana usikate, nitakuwa najigeuza.»

Basi, aliishia hapo.

Kiti kile hakuna aliyekihamisha mpaka siku tuliyomtoa ndani. Kila asubuhi aliniuliza kama simu ina chaji, na mimi naishika, namwambia inayo. Muda wote huo nilidhani umemsikia ukakataa, na nilikuwa nimeshakusamehe. Sasa najua hukutaka hata kumsikia. Imebidi nianze upya kukusamehe, na safari hii inanichukua muda.

Pakaa mafuta mikono.

Mama yako