Mwanahiti wa Debe

Kinole, Alhamisi, 6 Agosti 1953

Kaka Rehani,

Shikamoo. Mwanahiti wa mama hayupo. Juzi Jumanne asubuhi alikuwa kitandani kwa binti yangu Pili, amepakwa mafuta. Adhuhuri kitanda kitupu. Hujambo lakini? Wifi na binti yenu Furaha hawajambo? Sisi wazima, ukiondoa hilo.

Usije ukasema ni kisanamu cha mti tu, wewe mtu wa mjini. Mwali humlisha mwanahiti wake, humwogesha, humsuka, na hatoki ndani bila yeye. Huyu amelelewa na mabinti watano wa ukoo wetu. Pili ni wa sita. Amekaa ndani miezi sita, na siku ya kumtoa ni Jumamosi, 26 Septemba.

Pili alipokuwa uani anaogeshwa, nyumbani walikuwapo kungwi Mosi, mimi, na wewe barazani ukingoja lori. Uliona mtu?

Dada yako,
Asia

Morogoro, 14 Agosti 1953

Mdogo wangu Asia,

Salamu nyingi kama mchanga wa mtoni. Mimi mzima, na cherehani nayo nzima. Nimesikitika mno. Sikuona mtu.

Shauri langu, usiwe na haraka. Mchongaji wetu alishafariki, na kumpata mwingine ni kazi ya mwaka. Pili akae ndani mpaka mavuno ya mwakani. Nimempa Abasi wa lori gunia la vipande vya nguo, vile vinavyoanguka chini ya cherehani yangu. Shona mto, upoze moyo.

Kaka yako,
Rehani

Kinole, 2 Septemba 1953

Kaka,

Shikamoo, na asante ya gunia. Natumaini hamjambo wote. Mto sikushona.

Vipande vilikuwa 140: vya kufutia meza 52, vya kazi 88. Nimeokota mchi uliovunjika, nikakata shibiri moja; huo ndio mwili. Debe la mafuta ya taa lililotoboka nimelikata kwa patasi, nikaligonga juu ya jiwe mpaka likakubali kuwa vishungi viwili vya kichwa, sawasawa na vya yule wa mama. Nywele ni nyuzi za katani zilizotupwa huko mashambani. Kisha nikashona vipande kuzunguka mwili, kimoja kikilalia kingine kama magamba ya samaki: kaki, buluu, pindo la kanga. Jumla 61. Siku tisa, sindano tatu zimevunjika, na matundu ya dole gumba langu sijayahesabu.

Jirani yangu Scholastika kaja, kacheka. "We Asia! Mtoto gani huyu? Akinyeshewa si atashika kutu?"

Nikamwambia, "Wa mti huliwa na mchwa. Haya, chagua."

Kacheka tena, halafu akamchukua akampakata. Hakumrudisha upesi.

Pili amempokea. Jana nimesikia anamwimbia. Basi tarehe ni ile ile. Njoo usimame mlangoni utoe ruhusa, maana mwali hatoki mpaka mjomba wake aseme.

Dada yako,
Asia

Morogoro, 11 Septemba 1953

Asia,

Salamu. Afya ipo, ila umeniudhi. Takataka ninazozikanyaga leo ndiyo heshima ya ukoo? Ukimtoa mwali na hilo kopo, siji. Na bila mimi hatoki.

Scholastika alileta mboga sokoni juzi, akapita kwangu kuomba maji. Najua atasema alichokiona, basi heri niseme mwenyewe. Mwanahiti wa mama ninaye. Yuko kwa Furaha. Ukoo wetu hufuata mama, na mama yake mtu wa Tabora, kwa hiyo mwanangu hana cha kupewa huku. Aliniuliza, "Baba, mimi nitapewa mwanahiti wa nani?" Ningemjibu nini, Asia?

Furaha akishatolewa ndani mwakani, nitamrudisha mwanahiti. Wewe nyamaza tu, na Pili angoje.

Kaka yako,
Rehani

Kinole, Jumapili, 20 Septemba 1953

Kaka,

Shikamoo, hiyo ni haki ya umri wako, chukua.

Furaha simlaumu. Ungesema, "Asia, binti yangu hana wa kumlea," ningemshonea wake, siku tisa tu. Lakini ulimwibia mpwa wako, ukaniletea gunia nishone mto, kisha ukataka Pili akae gizani mwaka mzima zaidi ili wizi wako upate nafasi.

Wa mama mwache huko huko. Nimemwuliza Pili kama anamtaka. Kanijibu, "Yule alibebwa akanyamaza. Huyu ana makali, mwizi atakatika vidole."

Barua yako nimewasomea wanawake 23 wa ukoo, mstari kwa mstari. Kungwi Mosi aliniomba nirudie pale penye takataka. Wamekubaliana wote: Jumamosi Pili anatoka, na mwanahiti wa debe mkononi. Ukija, utasimama mlangoni, utasema mbele ya watu ni nani aliyemchukua wa mama, ndipo utoe ruhusa. Usipokuja, ruhusa nitaitoa mimi niliyetoka tumbo moja na wewe, na tangu siku hiyo Pili hana mjomba.

Lori la Abasi hufika hapa Jumanne na Alhamisi; nalingoja lile la Alhamisi, saa tisa alasiri. Habari za cherehani usiniandikie. Nataka neno moja kwenye karatasi, mkononi mwangu, kabla Abasi hajashusha mzigo wa mwisho: unakuja, au huji?

Dada yako,
Asia