Kompyuta Ishirini na Kopo la Rangi

Jumatatu, 11 Agosti

Zamu ya getini. Wachelewaji kumi na wawili, wote wa bweni la wavulana, na bweni lenyewe halifiki hatua mia kutoka madarasani. Nimewapa mafagio. Upepo wa Agosti umeanza. Wanafagia, nao unarudisha.

Saa nne Mkuu wa shule kaniita. Mafundi wa kompyuta wanatoka Dodoma mjini, watafika Ijumaa asubuhi kuweka programu mpya na kuunganisha mtandao. Wametuma orodha ya maandalizi na sharti moja: wakute kompyuta kumi na tano zilizo tayari. Zikipungua hata moja wanageuza gari, vifaa vinaenda shule inayofuata, na sisi tusubiri mpaka Mungu atukumbuke. Mwenyekiti wa maandalizi ni mimi. Sifa yangu: ninajua stoo ilipo. Nafundisha Jiografia. Kompyuta naijua kwa kuifungia mlango.

Msaidizi wangu ni Bi. Mwanaidi, karani wetu, mzaliwa wa Kolo. Ni wa mkataba, mwaka wa tisa huu. Mwanamke wa maneno machache. Nilidhani atanung'unika. Aliuliza tu funguo ziko wapi.

Tumefungua chumba. Kompyuta ishirini, kila moja na kitambaa chake cha kufuma, kazi ya kina mama wa kamati. Miaka minne hazijaguswa. Tumezitunza! Vumbi lililotoka humo lingetosha kuotesha mbaazi.

Jumanne, 12 Agosti

Bi. Mwanaidi kaja na pampu ya baiskeli ya mumewe. Anafungua ubavu wa kompyuta, anapuliza vumbi kwa pampu, anafuta, anafunga. Skrubu anaziweka kwenye visahani vya chai, kila kompyuta na kisahani chake. Hachanganyi. Mimi nimepewa kazi ya kupiga pampu. Kiuno kinauma.

Kisha kuziwasha. Kumi na saba zimewaka. Tatu zimekufa. Si mbaya.

Orodha inataka mitihani ya zamani na matokeo yote yahamishiwe kwenye flashi kabla mafundi hawajafuta. Nilifikiri tutatafuta siku nzima. Bi. Mwanaidi anakumbuka kila kilichomo: hii ina mitihani ya nusu muhula, ile pale ina barua za bodi. Yeye ndiye aliyevichapa, lakini miaka minne! Mimi sikumbuki nilifundisha nini jana.

Kipengele cha mwisho cha orodha: tundu la waya wa mtandao liwe safi na wazi. Nikaigeuza moja nione hilo tundu.

Rangi ya bluu. MALI YA SHULE, herufi kubwa, nyuma yote. Nikageuza ya pili. Ya tatu. Zote ishirini.

Naandika hapa kwa sababu sina pa kuandika pengine. Ni mimi. Miaka minne iliyopita wakaguzi walisema kila mali iandikwe. Mtunza stoo, Mwalimu Juma, alikuwa likizo, nikamshikia wiki mbili. Nikachukua rangi ya mafuta iliyobaki kwenye madirisha, nikakata boksi kupata herufi, nikapaka. Nyuma, ili nisiharibu sura. Nilijiona mtu nadhifu sana. Kumbe brashi ilipita juu ya tundu, rangi ikaingia ndani na kukauka.

Mkuu kapita jioni, kaona. "Huyu Juma alituachia balaa," akasema. Juma alihamia Kibaigwa mwaka juzi.

Nilikohoa.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefanya ujinga juu ya ujinga. Nilifika chumbani kabla ya mstari wa asubuhi, peke yangu, na msumari. Nilitaka kuzibua kabla mtu hajaanza kuuliza. Ndani ya tundu kuna vijiwaya vinane vyembamba mno. Vya kompyuta ya kwanza nilivipinda. Vya pili vikakatika.

Kumi na saba toa mbili. Sasa zimebaki kumi na tano kamili. Hakuna ya akiba.

Bi. Mwanaidi kanikuta nimeshika msumari. Kaangalia tundu, kaniangalia mimi. Nikaanza hadithi ya Juma. Akanikata, kwa adabu.

"Mwalimu Masaka, barua ya kukukabidhi stoo niliichapa mimi."

Mtu wa miaka hamsini na sita nimesimama na msumari kama mwizi.

Akachukua msumari, akauweka dirishani. "Nyie Wagogo watu wa ng'ombe, kila kitu lazima mkitie chapa. Kompyuta haina zizi, Mwalimu." Akacheka, utani wa makabila yetu. Nami nikacheka, lakini aibu ilikuwa palepale.

Hakuuliza kwa nini nilinyamaza. Hakusema atamwambia Mkuu wala hatamwambia. Afadhali angenisema.

Kaenda zahanati kuomba spiriti na pamba. Karudi pia na sindano mbili za kushonea. Anapaka spiriti kidogo, anasubiri, kisha anabandua rangi kwa ncha ya sindano, chembe kwa chembe, kijiwaya kimoja baada ya kingine. Anaanzia pembeni kwenda katikati. Mkono hautetemeki. Nimeshika tochi ya simu, hiyo ndiyo kazi yangu. Tundu la kwanza, dakika hamsini. La pili, arobaini. Mpaka kengele ya kutoka, matano.

Nimewahi kuona madaktari wakifanya kazi. Nimewahi kuona mafundi saa. Sijaona mtu mwenye subira ya namna hii, na sisi kazi tunayompa ni kugonga mihuri.

Alhamisi, 14 Agosti

Umeme ulikatika saa tatu. Tukabeba meza hadi barazani, kwenye mwanga. Upepo ukaleta vumbi, tukarudi ndani. Tukafungua madirisha yote, akaketi akiupa upepo mgongo.

Vipindi vyangu kavisimamia Mwalimu wa Historia. Namwambia Bi. Mwanaidi apumzike, ananiambia nishike tochi vizuri.

Saa saba kaenda kuswali. Nikabaki naitazama sindano. Nilitamani nijaribu. Nikajizuia. Hilo ndilo jambo la maana nililofanya wiki hii.

Mkuu kaja na wajumbe wawili wa kamati. Kaeleza tena habari za Juma, kwa urefu, na wajumbe wakatikisa vichwa. Mmoja akasema watu wengine hawana uchungu na mali ya umma. Bi. Mwanaidi hakuinua kichwa. Sindano yake ilisimama kidogo, basi, ikaendelea.

Mimi mwoga. Niandike hivyo hivyo.

Jioni: kumi na nne safi. Ya kumi na tano imejaa mpaka ndani kabisa. Hapo kopo lilikuwa linakwisha, nakumbuka, nikawa nabonyeza brashi. Kailoweka spiriti, kaifunika, kasema kesho. Macho yake mekundu.

Ijumaa, 15 Agosti

Wamefika saa tatu kasoro. Mafundi wawili: binti aitwaye Rehema, ndiye mkubwa, na kijana wa kubeba ngazi na waya. Rehema akatusalimia, shikamoo, kisha salamu zikaisha. Kitu kimoja tu mkononi: kifaa chenye taa ya kijani cha kupima tundu. Anachomeka, taa ikiwaka anaweka alama. Anaenda ya pili.

Kumi na nne zimewaka. Nilikuwa nahesabu kwa midomo.

Ya kumi na tano, taa haikuwaka. Akachomoa, akachomeka. Giza. Akaangalia karatasi yake. Mkuu akaangalia dari. Kijana akaanza kukunja waya.

Bi. Mwanaidi akasema, "Mwanangu, nipe robo saa."

Rehema akatazama saa. Akasema shule nyingine inasubiri. Kisha akaziona zile kumi na nne, akainama nyuma ya moja, akatazama ndani ya tundu muda mrefu. Akavuta kiti. "Haya, mama. Robo saa."

Nikashika tochi. Nilimwona akisita kwenye kijiwaya cha sita, akageuza sindano akatumia upande wa tundu la uzi, ule mviringo, akakiinua taratibu kutoka kwenye rangi bila kukipinda. Jasho lilinitoka mimi. Dakika ya kumi na tatu akapuliza, akasogea.

Rehema akachomeka. Kijani.

Kijana alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Rehema akaomba aione ile sindano, akaishika kwenye mwanga. Akasema kule kwao wangekata tamaa na kompyuta hizi siku ya kwanza, na akamuuliza alijifunzia wapi. Bi. Mwanaidi akasema mama yake alikuwa akimpa mikeka ya kurekebisha, iliyosukwa vibaya na watu wengine.

Mafundi wameanza kupitisha waya. Mkuu kanipa mkono mbele ya wote. "Mwenyekiti, umetuokoa."

Mkono ule ulinichoma. Tena sikusema.

Jumatatu, 18 Agosti

Mtandao unafanya kazi. Kidato cha Nne wanapanga foleni mlangoni. Kina mama wameulizia vitambaa vyao, vipo, vimefuliwa.

Taarifa ya wilayani imeletwa nisaini. Mkuu aliiandika kwa mkono Ijumaa, Bi. Mwanaidi kaichapa kama ilivyo. Ndani yake: uharibifu ulifanywa na mtunza stoo aliyehama, marekebisho yalifanywa na kamati chini ya uenyekiti wa Mwalimu Masaka. Jina la Bi. Mwanaidi mwenyewe halimo. Kachapa kila neno bila kosa, na nukta zake.

Sikusaini. Nimeenda kwa Mkuu nikamwambia yote: rangi, msumari, kikohozi. Akasema, "Umri wote huu, Masaka." Basi. Akaniruhusu niandike upya.

Nimempigia Juma, Kibaigwa. Nimemwomba radhi. Kwanza alikasirika, na ana haki. Baadaye akauliza rangi ilikuwa ya bluu au ya kijani.

Jumanne, 19 Agosti

Nisingeweza kumpa Bi. Mwanaidi achape taarifa hii mpya. Angeondoa jina lake. Nimechapa mwenyewe kwenye chumba cha kompyuta, vidole viwili, tangu saa mbili mpaka saa sita. Ukurasa mmoja. Nimeandika nani alipaka, nani aliharibu mbili, na nani alisafisha matundu kumi na tano kwa sindano ya kushonea, jina lake kamili na kazi yake. Nimeandika kwamba bila yeye shule hii isingekuwa na mtandao. Mkuu kasaini.

Nimempelekea nakala ya faili. Kaipokea, kaitoboa, kaifunga kwenye faili bila kunitazama, kaiweka kabatini.

"Haya, Mwalimu."

"Haya, Bi. Mwanaidi."

Nilikuwa nimefika nje ya mlango niliposikia kabati likifunguliwa tena, na karatasi ikigeuzwa. Sikurudi. Nilikuwa na kipindi cha Kidato cha Pili.