Sala Iliyokosa Amina

Dada mpendwa,

Natumaini kikohozi cha mtoto kimepungua. Mimi mzima, ila nakuandikia mbiombio kwa furaha, kwa hiyo univumilie mwandiko.

Unajua kiwandani tunaanza kazi kwa sala. Leo zamu ya kuiongoza ilikuwa yangu, na bosi alikuwa ametuagiza tufute tarehe kwenye makopo ya maziwa ya watoto yaliyopitwa na muda, tupige mpya. Nilipomuuliza alinijibu, "Sala ni sala, kazi ni kazi. Siku hizi kila mtu anafanya hivi."

Basi nikafumba macho nikaomba, "Bwana, walinde watoto watakaokunywa maziwa haya tunayoyadanganyia tarehe."

Dada, hakuna aliyeitikia. Hata mzee wetu wa kanisa aliinamia viatu vyake. Kisha fundi wa mitambo tunayemwita Sina Dini, ambaye kila siku husubiri mlangoni mpaka tumalize kusali, akasema "Amina" kwa sauti, akaenda kuzima mashine.

Mama usimwambie kwanza, lakini unaona nakuandikia saa za kazi. Sina Dini naye yuko hapa kwangu anakunywa chai, ananiuliza kesho tunasali wapi.

Mdogo wako yuleyule asiyejua kunyamaza