Nyumba ya Mwisho ya Mniko Waitara

Mwanza,
12 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuacha na kwamba umepata nafasi ya kupalilia. Sisi hatujambo, ila Mama bado anaweka sahani ya Baba mezani, halafu anairudisha kabatini.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu ulinikataza kuzungumza mambo mazito kwenye simu. Barua nampa kondakta wa basi la Tarime, ananifahamu.

Tangu tumzike Baba mwezi wa kumi na moja, wasanifu majengo wenzake wamekuwa wakiandaa wasifu wa kusoma siku ya misa ya mwaka. Wamejaza shule, zahanati, stendi, mpaka soko la samaki. Ni kazi zake kweli, lakini nikiusoma simwoni Baba, namwona mtu aliyevaa tai. Wewe ndiye uliyemlea. Niandikie alikuwaje kabla watu hawajaanza kumpigia makofi.

Jambo la pili ni ile nyumba aliyokuwa anakujengea hapo nyumbani. Aliiacha imefika kwenye lenta, bado paa. Nataka tuiezeke, uhamie kabla ya misa. Mama amekubali, na Baba mdogo Daudi amesema atasimamia mafundi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kumbukumbu, kuliko hotuba yoyote.

Wasalimie wote hapo Kewanja.

Mwanao,
Lilian


Kewanja,
3 Machi 2024

Mwanangu Lilian,

Marahaba, marahaba sana. Barua imefika salama. Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Mahindi yameota vizuri na ngedere nao wameshayaona. Mwambie mama yako ale, na sahani aiache mezani akitaka, haimdhuru mtu.

Umeuliza baba yako alikuwaje. Alikuwa msumbufu. Mama yetu alifariki Mniko akiwa bado ananyonya, nikawa mama huku mwenyewe nikitafuta wa kunilea. Akipelekwa kuchunga, anakaa kujenga miji ya udongo na vijiti, ng'ombe wanaingia shamba la watu, mimi ndiye wa kwenda kuomba radhi. Siku moja nilimfuata na fimbo. Nikakuta amejenga boma, na nyumba yake ina mlango wa nyuma. Nikamuuliza wa nini. Akasema, "Wa kwako, dada. Ukienda mtoni usipite mbele ya wageni." Fimbo ikanishinda.

Na hakubadilika. Alipopewa kazi ya ile zahanati kule Serengeti, upande wa Ikoma, alikwenda kukaa na watu wa pale kwanza, akawa anawauliza akina mama nani anaamka wa kwanza na anatokea mlango gani. Viongozi walichoka kumngoja. Leo wajawazito wanasubiri kwenye baraza pana yenye kivuli asubuhi na jioni, na wala hawamjui aliyeichora. Mwenyewe alipenda iwe hivyo. Hapa kijijini walimwita injinia mpaka akachoka kuwasahihisha.

Hayo ndiyo uyaandike kwenye wasifu. Usishangae mwandiko, nimelia kidogo hapa katikati. Nilimzaa mdogo wangu kwa mgongo, nikamzika, na bado nasikia kama amekwenda tu Mwanza.

Kuhusu nyumba, usiezeke. Mabati usilete. Chumba changu cha zamani kinanitosha.

Shangazi yako,
Teresia


Mwanza,
21 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, tunakuombea kifua. Habari ya mlango wa nyuma nilimsomea Mama. Alicheka, akalia, kisha akala chakula chote.

Lakini umeniumiza, acha niseme. Baba alikuwa anatolewa kwenye mashine ya figo akiwa hoi, na kitu cha kwanza anachoomba ni karatasi. Anasogeza jiko lako lisijae moshi, anageuza dirisha lione njia ya kanisani. Hakuwa na nyumba nyingine kichwani. Halafu wewe unasema mabati usilete, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Kama kuna jambo tumekukosea, mimi au Mama, tuambie tuje tuombe radhi.

Mabati nimeshanunua. Baba mdogo Daudi atayapokea Tarime mjini baada ya Pasaka. Nisamehe kwa kutokusubiri jibu lako.

Mwanao,
Lilian


Kewanja,
9 Aprili 2024

Mwanangu,

Habari za Pasaka? Mimi naendelea vizuri, na mvua zimeanza. Mama yako hajanikosea, wala wewe hujanikosea. Nilinyamaza kwa aibu.

Wiki chache baada ya msiba kulikuwa na mkutano wa kijiji. Eneo letu, pamoja na kaburi la baba yako, mgodi wa dhahabu unalihitaji. Tangazo likatoka kwamba kuanzia siku ile mtu asijenge tena. Basi watu wakaanza kutegesha. Wewe umekulia mjini, acha nikueleze: mtu anasimamisha nyumba mbio mbio, hakuna atakayelala humo, anangoja tu wathamini waihesabu alipwe fidia. Ameitega kama mtu anavyotega panya. Wathamini nao wamechoka kudanganywa. Walipopita hapa wakaona kuta mpya zisizo na paa na hakuna mtu ndani, wakaandika kwa rangi nyekundu pembeni mwa mlango: TEGESHA. Wameiandika kwenye nyumba ya baba yako.

Lilian, baba yako aligombana na ukoo mzima kwa ajili ya neno hilo. Miaka ile mgodi ulipochukua maeneo ya jirani, Daudi, mtoto wa mke mdogo wa baba yetu, alimfuata amchoree nyumba za namna hiyo, za kupanga mstari. Mniko akamjibu, "Sichori nyumba ambayo hakuna mtu atakayeamka ndani yake." Daudi hakumsalimia tena, tukaja kukutana naye msibani. Sasa Daudi huyo huyo ndiye anayetaka kuezeka haraka, na kuongeza vyumba nyuma. Anasema marehemu ametuachia bahati. Tukimkubalia tutakuwa tumemtia baba yako kwenye uongo alioukataa maisha yake yote, na hayupo wa kujitetea. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi, siyo nyumba. Mabati mwambie Daudi ayaache huko huko Tarime.

Nimekwenda kwa wathamini kuwaeleza. Wameniambia wao wanaandika wanachokiona. Basi wataona. Kwetu sisi nyumba inakuwa nyumba mwanamke akishawasha moto wake ndani. Jumatatu ijayo nahamia.

Shangazi yako,
Teresia


(Ujumbe wa simu, 16 Aprili 2024)

Shangazi shikamoo. Samahani kwa kutumia simu, barua ingechelewa. Baba mdogo amenipigia, anasema umehamia kwenye zile kuta, umefunga turubai kwenye kona ya jikoni, na mvua inapiga kutwa. Una kifua, Shangazi. Mama anasema jina la Baba halitaki mtu afe kwa ajili yake. Mimi nimeshazika mmoja, siwezi wa pili mwaka huu. Hilo neno ni rangi tu. Toka humo, panda basi, njoo ukae na sisi. Nijibu tafadhali. Mwanao Lilian.


Kewanja,
4 Juni 2024

Mwanangu Lilian,

Usinilaumu kwa kimya. Hamjambo? Mimi naweza kukaa nikaandika, kwa hiyo sijambo. Simu ililowa ikafa. Halafu homa ya mapafu ikanilaza, nikamkataza Daudi asikwambie. Ni yeye aliyenipeleka hospitali, akaninywesha uji kwa kijiko kama mtoto. Tumkasirikie kwa mengine, lakini hilo tumshukuru.

Kabla sijaugua, wathamini walirudi. Walinikuta jikoni, pale pale alipopaweka baba yako, napika ugali, na kweli moshi haukunisumbua. Aliyewaongoza ni kijana anaitwa Gasto, si mtu wa huku. Alisimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha. Akaniuliza kama naishi humo, nikasema naishi. Akauliza tangu lini. Mimi ni katekista, ningesema nini? Nikamwambia tangu Jumatatu ya juzi. Wenzake wakaangua kicheko, yeye hakucheka.

"Mama, hata nikibadilisha, hii hutalipwa," akasema. "Siku ya tangazo haikuwa na paa."

"Sijaomba kulipwa. Nataka ufute lile neno."

"Sasa wewe utapata nini?"

"Aliyeichora ni mdogo wangu. Hakuwahi kumtegea mtu."

Alizitazama kuta kwa muda. Akauliza jina la mchoraji, nikamtajia. Hakulijua, wala sikutegemea alijue. Alikwenda kwenye gari akaleta rangi nyeupe, akalifuta kwa mkono wake mwenyewe, huku wenzake wakimwita kwamba wanachelewa.

Kwa hiyo jina lake ni safi, mwanangu. Nyumba yenyewe haitapona. Itavunjwa baada ya mavuno pamoja na nyingine zote za upande huu, na kabla ya hapo kaburi litahamishwa. Tumepata mahali Nyamwaga, kwenye migomba, pana utulivu. Padri atakuja. Lakini unajua kwetu marehemu hahamishwi kimya kimya. Lazima mtu wa damu yake asimame pale kaburini amwambie kwa sauti anapelekwa wapi, na kwa nini. Wazee wamekaa wamesema ni mimi, kwa kuwa ndiye niliyemlea.

Siwezi, Lilian.

Kaburi liko karibu na dirisha la jikoni, pale nilipokuwa nalala chini ya turubai. Kila asubuhi tangu nihamie, nikiamka nilikuwa namsalimia. Na kila asubuhi nilimwambia nyumba imekwisha. Nilimwambia imeezekwa, haivuji hata tone, na kwamba naifurahia. Nilikuwa nimelowa mpaka mifupa huku namwambia hivyo. Wathamini niliwaeleza ukweli wote, lakini yeye nilimdanganya, kwa sababu alikufa akiwa na wasiwasi na nyumba hiyo na mimi sikuwa na moyo wa kumwongezea. Sasa niende na uso gani kumwambia aamke, kwamba nyumba ile ile inavunjwa?

Njoo umwambie wewe. Mimi nitasimama nyuma yako.

Shangazi yako,
Teresia