Sikuinuka kwa Jina Lisilo Lako

Sae, dada yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, tena Jumapili, siku ambayo natakiwa kuwa na moyo mtulivu. Nimebandika chai na kukaa jikoni hapa Jakobsberg, koti bado liko mwilini. Binti yangu Divine amejifungia chumbani kwake, anasema nimemwaibisha mbele ya kanisa zima. Wewe ungecheka. Ungefunika mdomo kwa mkono kama ilivyokuwa desturi yako, halafu ungeniuliza, "Sasa wamefanya nini tena?"

Wamekuita Sei.

Si mara ya kwanza. Ngoja nianze na mazishi yako, maana hukuyaona. Kaka yako alifika kutoka Japani. Kiswidi hajui, Kiingereza anabahatisha, basi ibada ikawa ya Kiingereza kama zetu zote. Mchungaji alihubiri vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alisema ulikuwa mpole, kwa sababu hakuwahi kukuona ukigombana na ile mashine ya kuoshea vyombo kazini kwetu. Lakini tangu mwanzo hadi mwisho ulikuwa Sei. Sei alipenda maua. Sei amepumzika. Nikawa nageuka kumtafuta huyo Sei. Kaka yako aliinamisha kichwa tu, sijui kwa adabu au kwa uchungu. Tulipopita mbele ya jeneza mmoja mmoja, yeye akainama karibu kabisa akakuita kwa sauti ndogo, Sa-e, kama mtu anayeamsha mtoto asimshtue. Hapo ndipo nilipolia. Kabla ya hapo nilikuwa nimekasirika mno hata nisiweze kulia.

Nilimfuata mchungaji mlangoni. Nikamwambia jina ni Sa-e, sauti mbili, zote zisikike. Akanishika bega, akasema kwa Kiingereza ndivyo linavyosomeka, na isitoshe Mungu anajua tunamsema nani.

"Mungu anajua, ndiyo," nikamjibu. "Mimi sikuwa nasema na Mungu, mchungaji. Nilikuwa nasema na wewe."

Akaona nina msiba, akanisamehe. Huko kunisamehe ndiko kulikoniuma.

Kwa nini iniume hivi? Wewe unajua, lakini acha niseme. Unakumbuka nilipoanza kazi pale jikoni kwenye makao ya wazee? Mkubwa wetu alitazama jina langu, akakunja uso, akasema nitakuwa Nda. Hivyo tu. Jina ambalo baba yangu alinipa Bujumbura akimshukuru Mungu, likakatwa kiwiliwili na miguu kabla sijavaa aproni. Nikaitika, ningefanyaje, nilitaka kazi. Wewe ulikuwa kwenye sinki unamenya viazi. Tulipobaki wawili ukaniomba nilirudie jina langu lote, polepole. Ukalifanyia mazoezi juu ya vile viazi, siku baada ya siku, huku mimi nacheka mpaka machozi, kwa sababu kinywa chako kilikataa kuanza na ile N, lazima kwanza uweke u. Undayishimiye. Hiyo u haikutoka mpaka mwisho, hata hospitali, ulipokuwa huna nguvu ya kushika kikombe. Sikuwahi kukusahihisha. Ulikuwa umefika nalo jina lote, umelibeba lote.

Na lako halikunipa kazi hata kidogo. Sisi wenye Kiswahili jina lako linatupita mdomoni kama maji. Ndiyo maana nashindwa kuwaelewa watu wetu.

Leo ndiyo ilikuwa ile ibada ya Novemba ya kukumbuka waliofariki mwaka huu. Unaijua, tulikwenda pamoja. Jina linasomwa, kengele inagongwa, mtu wa marehemu anakwenda mbele kuwasha mshumaa. Kaka yako aliomba niwe mimi. Msomaji alikuwa kaka Godfrey, yule Mganda wetu anayeendesha basi. Jumapili iliyopita, kwenye kahawa baada ya ibada, nilimketisha chini nikamfundisha jina lako. Akalisema sawasawa, mdomo umejaa mkate wa mdalasini, tena akanicheka: kwani jina gumu hili, dada, si kama ya kwetu tu? Nikamwambia asiniangushe, maana yeye wakimwita Gottfrid kwa Kiswidi kazini anakuja hapa kutulilia. Meza nzima ikacheka. Nikaenda nyumbani moyo mweupe.

Kumbe Godfrey akisimama pale mbele, ulimi wake unavaa tai. Kiingereza kinamkaa mpaka mabegani, kila kitu lazima kitoke na Kiingereza chake, hata kisicho cha Kiingereza. Akafika kwako.

"Sei."

Kengele ikagongwa. Mimi nikabaki nimekaa.

Sikupanga, Sae, Mungu ni shahidi. Miguu ilikataa. Nilifikiri, nikiinuka, nimekubali. Nitakuwa nimekwenda kumwashia mshumaa mtu nisiyemjua, na wewe utakuwa umebaki nje ya kanisa kwenye baridi. Divine akanigusa ubavuni, akaninong'oneza kwa Kiswidi niende, watu wanatazama. Nikamwambia, "Hawajamwita."

Godfrey akadhani sikusikia. Akarudia Sei kwa sauti kubwa zaidi, kama anayemwamsha abiria aliyesinzia kituo cha mwisho Hjulsta. Mchungaji akaanza kunifanyia ishara na kidole. Mama wa kengele hakujua agonge tena au aache. Mimi namtazama Godfrey tu. Jasho likaanza kumtoka. Akavua miwani, akanitazama vizuri, na nikaona uso wa mtu wa kwenye kahawa unarudi.

"Sa-e," akasema.

Nikainuka. Nikaenda mbele kwenye mshumaa wako. Utambi ulisumbua kidogo, kisha ukashika, nami nikasema kimoyomoyo, haya, sasa ni wewe.

Baada ya ibada mchungaji akaniambia nimevuruga huzuni ya wengine. Mama mmoja Mkenya, ambaye jina la mumewe lilisomwa vizuri kabisa, akaniambia ningeacha tu, ni siku moja. Siku moja! Ndiyo maana yenyewe! Mtu anaitwa mbele ya watu siku hiyo moja, na wao wanataka wakosee hapohapo. Nilijizuia nisimjibu vibaya, nikanywa kahawa chungu bila sukari. Godfrey peke yake ndiye aliyekuja akasema nimemtoa jasho kuliko theluji ya Februari barabarani, na kwamba mwakani atavua tai kabla ya kusoma. Huyo nimemsamehe. Wengine naendelea kuwaombea, lakini bado naomba nikiwa nimekunja ngumi.

Nilitaka kumaliza hapa, ila kuna kitu nakisikia sasa hivi kupitia mlango. Divine yuko kwenye simu na rafiki yake. Anasimulia kwa Kiswidi jinsi mama yake alivyogoma kanisani, anacheka, ananiigiza. Na katikati ya Kiswidi chake chote hicho, jina lako linatoka zima. Sa-e. Sikumfundisha. Amekuwa akitusikia.

Basi nenda ukapumzike, dada yangu. Ninakuahidi hivi: popote jina lako litakaposomwa nami nipo, litasomwa lote, au nitabaki nimekaa mpaka kahawa yao ipoe. Na siku nisipokuwepo, yuko huyu aliye nyuma ya mlango.

Ni mimi, Ndayishimiye. Wewe anza na ile u yako.